Miwani ya jua Nairobi: ya giza tupu, ya polaroidi au ya kubadilika?

Wachuuzi wa miwani wanaopita kati ya magari kwenye foleni za Nairobi hubeba kadi ndogo ya ajabu. Ukiitazama kwa macho matupu huoni picha yoyote ya maana. Ukivaa miwani wanayokuuzia, samaki au gari linachomoza palepale. "Umeona, boss? Hii ni orijino."

Umeona kweli, na kadi haijakudanganya. Ila imethibitisha jambo moja tu, kwamba lenzi inachuja mwanga kwa kufuata mwelekeo wa mtikisiko wake. Haijasema kama lenzi inazuia miali inayoharibu jicho. Haijasema giza lake ni la kiwango gani, wala kama plastiki yenyewe imefinyangwa sawasawa. Hayo ni mambo manne, na muuzaji huyataja kwa pumzi moja, hivyo mnunuzi hulipia moja akidhani amepata yote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiusubiri. Kinga ya urujuanimno (UV), ile miali inayoharibu jicho, si ya kuchagua, ni ya lazima kwa yeyote anayeshinda juani katika mji huu. Polaroidi, ile lenzi inayochuja mwanga kwa mwelekeo, inamfaa sana dereva wa gari, na mara nyingi inamkera mwendeshaji wa boda. Miwani ya kubadilika, yaani fotokromiki, ni ya mtu mwenye lenzi za daktari ambaye kazi yake ni kuingia na kutoka majengoni. Giza tupu lisilo na kitu kingine liwe chaguo la mwisho. Sababu za haya yote zimo ndani ya mwanga wenyewe.

Kinachochujwa ni nini hasa

Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Katika ombwe husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hewani ni karibu vilevile. Mwanga ukigonga lenzi ya plastiki ya kawaida, ambayo kipeo chake cha mpindo (kipimo cha jinsi inavyoupunguzia mwanga kasi) ni kama 1.5, kasi inashuka hadi kilomita 200,000 hivi. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde haibadiliki, kwa hiyo kinachopungua ni urefu wa wimbi likiwa ndani ya plastiki. Likitoka upande wa pili linarudia mwendo wake wa awali. Lenzi ikiwa imetengenezwa vizuri, hutajua kwamba lilipunguza mwendo.

Wimbi hilo lina sifa tatu ambazo mtengenezaji wa miwani anaweza kuzichezea. Ya kwanza ni ukubwa wa mtikisiko, ambao jicho huusoma kama ukali wa mwanga. Ya pili ni urefu wa wimbi, unaosomwa kama rangi: urujuani uko karibu na nanomita 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nyekundu inaishia kwenye 700 na kidogo. Chini ya 400 ni urujuanimno, ambao jicho haliuoni kabisa. Ya tatu ni mwelekeo wa mtikisiko. Wimbi la mwanga hutikisika kukingama na njia linayopita: linaweza kutikisika juu na chini, au kulia na kushoto, au mshazari wowote wa katikati. Mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye jua una mielekeo yote kwa pamoja.

Sauti haina sifa hiyo ya tatu. Hewa husukumwa mbele na nyuma kwenye njia ileile sauti inakoelekea, kwa hiyo hakuna polaroidi ya kupunguza muziki wa matatu. Na kwa kuwa matatu zimetajwa: besi ya mitikisiko 50 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa karibu mita saba, ndiyo sababu inazunguka kona ya jengo na kukufikia kabla hujaiona gari. Wimbi la mwanga halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Halizunguki kona za ukubwa wa jengo, wala za ukubwa wa kofia. Hapo ndipo ukingo mpana wa kofia unapopata kazi, na nitairudia kofia kwa sababu inashindana na miwani kwa bei nafuu mno.

Sasa ulinganisho unakuwa rahisi. Giza hupunguza ukubwa wa mtikisiko. Kinga ya urujuanimno na rangi ya lenzi huchagua kwa urefu wa wimbi. Polaroidi huchagua kwa mwelekeo. Hakuna kati ya hizi inayofanya kazi ya mwenzake.

Giza

Viwango vya kimataifa vinagawa lenzi za jua katika makundi matano, kuanzia 0 hadi 4. Kundi la 0 hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, la 1 kati ya 43 na 80, la 2 kati ya 18 na 43, la 3 kati ya 8 na 18, na la 4 kati ya 3 na 8. Kundi la 4 limekatazwa kwa kuendesha gari. Namba hiyo huandikwa upande wa ndani wa mkono wa miwani, pengine kwa herufi ndogo mno, na kwenye miwani nyingi za barabarani haimo kabisa.

Kwa Nairobi, kundi la 3 linatosha jua la saa sita mchana mwezi wa Januari au Februari. Kundi la 2 linafaa zaidi asubuhi, jioni, na kipindi cha Juni hadi Agosti ambapo mawingu hukaa juu ya mji kutwa nzima. Ukinunua moja tu na unaendesha gari, chukua la 2 lenye giza la kutosha au la 3 lisilo zito. Kundi la 4 waachie wapanda milima wa Mlima Kenya kwenye theluji.

Giza ndilo jambo linaloonekana kwa haraka dukani, kwa hiyo ndilo linalouzwa kwa nguvu. Lakini lenzi nyeusi inaweza kupitisha urujuanimno bila wewe kujua. Mwanga ukipungua, mboni hutanuka ili kukusanya zaidi, na mlango unakuwa umefunguliwa kwa yale ambayo lenzi haikuyazuia. Rangi haikuambii chochote kuhusu hili. Kuna lenzi nyeupe kabisa, zisizo na rangi, za polikaboneti (plastiki ngumu) zinazozuia karibu urujuanimno wote, na kuna zenye weusi wa makaa zisizofikia hapo.

Urujuanimno

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na haifiki nyuzi moja na nusu kusini ya ikweta. Kila unapopanda mita 1,000, urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuuchuja imepungua. Chini ya anga lilelile, basi, mtu aliyesimama Kencom, katikati ya Nairobi, anapata zaidi ya aliyesimama Mombasa, ingawa aliye Mombasa ndiye anayetokwa na jasho. Tunadanganywa na ubaridi. Joto tunalolihisi na urujuanimno unaotupiga ni vitu viwili, na hewa ya kupoa ya Nairobi haituonyi. Kipimo cha kimataifa cha urujuanimno huita 11 na kuendelea kiwango cha kupindukia, na hapa adhuhuri ya anga safi hufika huko mara kwa mara.

Madhara kwa jicho ni ya polepole: mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambacho huonekana sana kwa wanaofanya kazi nje miaka mingi penye jua na vumbi.

Kofia, sasa. Inakata jua la moja kwa moja vizuri kuliko lenzi yoyote, na kwa mhudumu wa maegesho au mama mboga anayeuza nje ningesema anunue kofia ya ukingo mpana kabla ya miwani. Haitoshi peke yake, kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi. Mtawanyiko huo, alioueleza mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, huongezeka kwa kipeo cha nne kadiri wimbi linavyofupika: wimbi la nanomita 350 hutawanywa mara 16 kuliko la nanomita 700. Anga ni ya buluu kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo urujuanimno unakujia kutoka kila upande wa anga, hata jua likiwa limefichwa na ukingo wa kofia. Mawingu mepesi nayo huupitisha kwa wingi.

Tafuta maandishi ya UV400, maana yake lenzi inazuia hadi nanomita 400. Lakini maandishi ni rahisi kuchapisha. Kipimo bora zaidi kiko kwenye duka lolote lenye ile taa ya kukagulia noti. Taa hiyo hutoa urujuanimno, na alama fulani za noti hung'aa zikimulikwa. Omba kuweka lenzi kati ya taa na noti. Mng'ao ukizimika, lenzi inazuia. Ukiendelea kama kawaida, hiyo miwani ni pambo. Usiitazame taa yenyewe, na usipime kwa tochi ya simu. Tochi hiyo haina urujuanimno wa kukuonyesha kitu.

Kwa uzoefu wa watu wa lenzi, plastiki nyingi za kisasa, hata za bei ya chini, huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno zenyewe. Kwa hiyo si kila miwani ya barabarani ni sumu, na si kila ya duka la kifahari ni dawa. Pima.

Polaroidi: ilipo na nguvu na ilipo dhaifu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo fizikia ilivyo tamu zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1808 mjini Paris, mwanafizikia Étienne-Louis Malus alitazama jua la jioni likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg kupitia kipande cha fuwele ya kalisaiti. Fuwele hiyo hutoa taswira mbili za kila kitu. Alipoigeuza, taswira moja ilififia na nyingine ikakolea, kwa zamu. Mwanga ulioakisiwa haukuwa sawa na mwanga wa kawaida: ulikuwa umechagua upande wa kutikisika. Miaka michache baadaye, 1815, mwanasayansi Mskoti David Brewster akaonyesha kwamba kila kitu kinachopitisha mwanga kina pembe yake ambapo mwanga unaoakisiwa hutikisika kwa mwelekeo mmoja tu. Kwa maji pembe hiyo ni nyuzi 53, kwa kioo karibu 56, zikipimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso unaoakisi.

Uso uliolala, kama lami yenye maji au boneti, huakisi zaidi ule mwanga unaotikisika kulia na kushoto. Lenzi ya polaroidi imewekwa ili imeze huo na kupitisha ule wa juu na chini. Mng'aro unaondoka, barabara inabaki. Mwanga wa jua la moja kwa moja, ambao haujachagua upande, hupungua kwa nusu tu kutokana na uchujaji huo. Giza lolote la ziada ni rangi iliyoongezwa.

Sasa tuingie barabarani. Mkazi wa Karen au Dagoretti anayeingia mjini kwa Ngong Road asubuhi anaelekea mashariki, na jua liko usoni. Jioni anarudi magharibi, jua liko usoni tena. Mkazi wa Buruburu au Donholm anayetumia Jogoo Road ana bahati ya kinyume: asubuhi jua liko kisogoni, jioni liko kisogoni. Mji mmoja, shida mbili tofauti, na wote wawili huuziwa miwani ileile.

Kwa wa Ngong Road, saa moja asubuhi, adui ni jua lenyewe. Polaroidi haina ujanja maalumu dhidi ya jua lenyewe. Na maji yaliyotulia kwenye lami mbele yake yanaakisi jua la chini kwa pembe ya kuparaza, mbali na zile nyuzi 53, ambapo mwanga umechagua upande kwa sehemu tu. Polaroidi itasaidia, lakini kidogo kuliko anavyoahidiwa. Kinachomwokoa saa hiyo ni kile kibao cha kivuli juu ya kioo cha mbele, kioo kilichosafishwa ndani na nje, na lenzi yenye giza la kutosha. Kusafisha kioo si jambo dogo: ukungu wa vumbi na moshi wa dizeli juu ya kioo hutawanya jua la chini na kugeuza kioo chote kuwa pazia jeupe, na hakuna lenzi ya kuliondoa pazia hilo.

Jua likishapanda, mambo yanageuka. Lami iliyolowa haina uso laini. Ina vijimwinuko elfu, na vile vinavyorusha jua la juu hadi kwenye jicho la dereva vinafanya hivyo kwa pembe iliyo karibu kabisa na ya Brewster. Mvua ya Aprili ikikatika saa nne na jua likatoka ghafla juu ya Uhuru Highway, hapo polaroidi ni kama kufunguliwa macho. Vivyo hivyo kwa taswira ya dashibodi inayojichora ndani ya kioo cha mbele. Kioo hicho kimelala mshazari, na mwanga wa dashibodi unaakisiwa kwa pembe ambayo polaroidi inaumeza karibu wote. Ukiwa na karatasi nyeupe juu ya dashibodi, vaa na uvue miwani uone tofauti. Hili peke yake linanitosha kuipendekeza kwa dereva wa kila siku.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Majengo ya vioo ya Upper Hill na Westlands yamesimama wima. Jua la jioni likipiga ukuta wa kioo uliosimama, mwanga unaoakisiwa kando hutikisika juu na chini, yaani ule ule ambao polaroidi yako imewekwa kuupitisha. Kwa hiyo mng'aro wa maghorofa utakuja karibu kama ulivyo. Ukitaka kuhakikisha, vua miwani, ishike mbele ya jicho na uigeuze robo duara: kioo cha jengo kitafifia, huku mng'aro wa boneti ukirudi.

Simu nayo. Skrini nyingi hutoa mwanga ambao tayari umechujwa kwa mwelekeo mmoja. Ukivaa polaroidi na kuigeuza simu, kuna pembe ambapo skrini inakuwa hafifu au nyeusi tii. Dereva wa teksi za programu anayeweka simu kwa ulalo ili aone ramani ajaribu kabla ya kulipa: avae miwani, atazame simu yake mwenyewe ikiwa imesimama na ikiwa imelala. Skrini za vituo vya mafuta na dashibodi za kidijitali zinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa mwendeshaji wa boda naona hasara nyingi. Kioo cha helmeti cha polikaboneti kina misongo iliyobaki kiwandani, na polaroidi huifichua kama mabaka ya rangi za upinde wa mvua mbele ya macho. Mng'aro anaouondoa pia una habari: kumeremeta kwa mafuta yaliyomwagika au maji kwenye kona ndiko kunakomwambia apunguze mwendo. Dereva wa magurudumu manne anaweza kuikosa habari hiyo asiumie. Wa magurudumu mawili hana anasa hiyo. Kwake ningechagua lenzi ya giza la wastani, isiyo polaroidi, yenye kinga ya urujuanimno, inayofunika pembeni ili izuie vumbi.

Kupima polaroidi bila kadi ya mchuuzi: chukua miwani mbili, weka lenzi moja mbele ya nyingine, geuza moja polepole. Kwa kanuni ya Malus, nyuzi 45 zitabakiza nusu ya mwanga uliokuwa ukipita, nyuzi 60 zitabakiza robo, na nyuzi 90 karibu kiza kitupu. Ikiwa hakuna kinachobadilika, kuna moja isiyo polaroidi. Kisha peleka zote mbili kwenye taa ya noti, kwa sababu utando wa polaroidi si hakikisho la kinga nyingine.

Ya kubadilika

Lenzi za fotokromiki zina chembe zinazobadili umbo zikipigwa na urujuanimno, na umbo hilo jipya humeza mwanga unaoonekana. Zikitoka juani zinarudi polepole, kwa dakika kadhaa. Za kwanza zilizouzwa, katika miaka ya 1960, zilikuwa za kioo chenye fuwele za misombo ya madini ya fedha; za leo nyingi ni za plastiki yenye rangi za kikaboni.

Faida yake ni moja na ni kubwa: mtu mwenye lenzi za kuonea mbali hahitaji miwani mbili. Mwalimu anayetoka darasani kwenda uwanjani, karani anayetumwa kutoka ofisi hadi ofisi, mwanafunzi wa chuo. Tena hali ya hewa ya Nairobi inazipenda, kwa sababu lenzi hizi hukolea zaidi penye baridi kuliko penye joto. Julai yetu yenye ubaridi na urujuanimno unaopenya mawingu huzikoleza vizuri kuliko jua la Mombasa au Lodwar, ambako joto huzirudisha nyuma.

Kasoro yake iko garini. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo humeza karibu urujuanimno wote. Lenzi hazipati kichocheo chake, kwa hiyo zinabaki nyeupe wakati jua liko usoni. Kuna aina mpya zinazoitikia pia mwanga wa kawaida, lakini uliza na ujaribu; usichukulie kwamba zako ni hizo. Mtu wa Ngong Road anayenunua fotokromiki kwa ajili ya kuendesha atajuta.

Kwa njia, vioo vya pembeni vya gari si kama cha mbele. Vingi ni kioo kigumu cha tabaka moja ambacho hupitisha kiasi cha urujuanimno wa mawimbi marefu. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mkono wa kulia na shavu la kulia la dereva ndivyo vinavyokaa dirishani.

Rangi, kioo cha nje na mengine madogo

Kijivu hakibadilishi rangi za vitu. Kahawia hupunguza buluu, na kwa kuwa buluu ndiyo inayotawanywa zaidi na hewa, vitu vya mbali huonekana vimekatwa vizuri. Kwa kuendesha mchana mimi naipenda kahawia. Usitarajie ikusaidie kwenye ukungu wa Limuru. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi, hutawanya rangi zote sawa, ndiyo maana ukungu ni mweupe.

Miwani ya manjano ya "kuendeshea usiku" iache. Kila lenzi yenye rangi hupunguza mwanga, na usiku mwanga ndio unaoukosa. Taa za gari linalokuja zitaonekana za manjano, na mtu anayevuka barabara bila taa ataonekana kidogo zaidi ya hapo awali.

Lenzi zenye kioo cha rangi kwa nje huakisi sehemu ya mwanga, na rangi zake hutokana na mwingiliano wa mawimbi kwenye matabaka membamba sana. Zinapendeza, zinaongeza giza, hazileti kingine. Tabaka lenye faida ni lile la ndani linalozuia uakisi. Uso wa lenzi usio na tabaka huakisi kama asilimia 4 ya mwanga. Jua likiwa kisogoni, mwanga wake unagonga upande wa ndani wa lenzi na asilimia hiyo inarudi jichoni, na nyuma ya lenzi nyeusi inaonekana sana. Tabaka la robo ya urefu wa wimbi hufanya mawimbi mawili yanayoakisiwa yakutane kilele cha moja juu ya bonde la jingine, yakafutana. Mtu wa Jogoo Road anayetembea au anayepanda boda atanufaika na hili kuliko na polaroidi.

Nani anunue nini

Dereva wa gari binafsi au matatu: polaroidi ya kahawia au kijivu, kundi la 2 au 3, yenye kinga ya 400. Akiwa anatoka magharibi mwa mji, aongeze kifutio cha kioo cha mbele na kitambaa safi kabla ya kuongeza bei ya miwani. Dereva wa programu ajaribu kwa simu yake kwanza. Ikiwa skrini inazima kwa ulalo na hawezi kuisimamisha, achukue isiyo polaroidi. Boda: isiyo polaroidi, inayokumbatia uso. Mtu wa ofisi mwenye lenzi za daktari: fotokromiki, na kama anaendesha, miwani ya kuvalisha juu yake kwa ajili ya gari. Anayeuza au kulima nje: kofia pana na lenzi yoyote iliyofaulu mtihani wa taa ya noti, hata kama bei yake ni ya chakula cha mchana. Mtoto: kofia pia, na lenzi ya polikaboneti kwa sababu haivunjiki ovyo, miwani ya kuchezea iliyotiwa rangi tu asivishwe juani.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jambo moja la mwisho. Ishike miwani kwa urefu wa mkono, tazama kupitia lenzi mstari ulionyooka, kama fremu ya mlango au ukingo wa jengo la KICC ukiwa mjini, kisha isogeze taratibu kushoto na kulia, juu na chini. Lenzi isiyo na namba ya daktari haina haki ya kuupinda mstari huo. Ukipinda au kutetemeka katikati ya lenzi, unene haulingani, mwanga unapindwa ovyo, na kichwa kitakuuma kabla hujafika Mlolongo. Mrudishie mchuuzi umwombe nyingine. Kwenye boksi moja hutakosa iliyonyooka.